Saa ya Kobe Ilipopoteza Namba

Mimi ni fundi wa vifaa vya kuzamia, na sijawahi kuzamia hata siku moja. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana mtengeneza viti vya kinyozi si lazima awe na ndevu. Maji yakinifika kifuani tu, natafuta ukuta wa kushika. Lakini niletee mtungi wa hewa, miwani, mipira ya kupumulia au ile kompyuta ndogo ya mkononi, nami nitakuambia mwenye kifaa ni mtu wa namna gani: anayeosha vitu vyake, anayevibwaga, au anayeviazima ovyo.

Vya Kobe havikuwahi kunipa kazi. Vilikuja vimeoshwa, vimekaushwa, vimefungwa kwa taulo. Kobe ni jina alilobandikwa na wenzake kwa ajili ya ule mtungi mgongoni na mwendo wake wa pole, akalipokea bila ugomvi. Ana miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kushuka kwenye bwawa linalolisha mji na kukwangua magugu na konokono wanaong'ang'ania nondo za lango, pale maji yanapoingia kwenye bomba kuu. Nondo zikiziba, mji mzima unabeba ndoo. Zisipoziba, hakuna anayejua kwamba kuna mtu anaitwa Kobe.

Siku aliyoniletea saa yake aliiweka mezani taratibu, akabaki amesimama.

"Dada, inapoteza namba," akasema.

Tunaiita saa, ingawa kusema wakati ndiyo kazi yake ndogo kuliko zote. Inamwonyesha mzamiaji yuko kina gani na mtungi wake umebakiwa na hewa kiasi gani. Habari za hewa inazipata kwenye kirushio, kipande cheusi kinachotoshana na kidole gumba, kinachofungwa kwenye kile kichwa cha chuma kinachokaa juu ya mtungi, nyuma ya shingo. Kirushio kinapima hewa na kuituma namba kwa mawimbi, bila waya, mpaka kwenye saa. Mawimbi hayo ni manyonge sana majini. Hatua moja na nusu tu yameshachoka. Yakikatika, penye namba vinatokea vistari viwili na saa inatetemeka.

Sheria ya kampuni ni kwamba vistari vikikaa dakika moja, unapanda, uwe umemaliza kazi au hujamaliza, na mwenzako anapanda nawe. Kobe alikuwa amepanda mara tatu ndani ya wiki mbili. Kibaya zaidi, kila akifika juu namba zilikuwa zimeshajirudia zenyewe. Msimamizi aliitazama saa, akaona mtungi una hewa zaidi ya nusu, kisha akamtazama Kobe. Hakumwita mwongo. Alimwita ofisini akampa karatasi: ikitokea mara ya nne, Kobe atatolewa majini na kukaa ukingoni kushika kamba za wenzake mpaka astaafu. Akaongeza kwa mdomo, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba si aibu mtu kuanza kuogopa maji baada ya kufiwa.

Aliyekufa ni Pacha. Yeye na Kobe hawakuwa pacha wala ndugu, bali wazamiaji wawili waliofanya kazi pamoja miaka kumi na minne, mpaka watu wakaona uvivu kuwatajia majina mawili. Walikuwa hawazungumzi. Asubuhi wanasalimiana, wanavishana vifaa, wanashuka, wanapanda, wanakula chakula chao wamekaa kwenye tairi moja kuukuu wakitazama maji. Niliwahi kumuuliza Pacha wanazungumza nini huko chini, akanijibu, "Kama huku juu tu." Halafu Jumamosi moja Pacha alilala na presha yake, Jumapili hakuamka. Mtu aliyepona mikondo na minyororo miaka yote hiyo akafia kwenye godoro lake. Kobe alikaa nchi kavu miezi miwili akisubiri mwenzake mpya, na ile miezi miwili ilimzeesha kuliko miaka kumi.

Nyumbani napo palikuwa pamemhama. Mkewe alikwenda mji mwingine kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alikwenda kwa miezi miwili. Sasa mtoto anakimbia na kutukana, na bibi bado yuko huko huko. Hawajaachana wala kugombana. Kila mara kuna jambo: mtoto ana homa, binti amepata kazi, mtoto wa pili yuko njiani. Kobe alinieleza haya bila kulalamika, nikalalamika mimi kwa niaba yake. Mtu kama huyo ukimtoa majini umpeleke wapi? Nchi kavu ndiyo iliyomshinda.

Basi nikala kiapo kwamba saa ile itasema.

Nilianza na betri, kwa sababu kila mtu huanza na betri. Nikaweka mpya kwenye saa na nyingine kwenye kirushio. Nikatazama ule mpira wa duara unaoziba kifuniko, maana unywele mmoja tu ukilala pale maji yanapenya; mpira ulikuwa safi. Nikakifuta kirushio kwenye kumbukumbu ya saa, nikavitambulisha upya, viwili hivyo vikiwa vimekaribiana juu ya meza. Kisha nikajaza maji kwenye pipa langu la majaribio, nikatia mtungi na vyote vilivyofungwa juu yake, nikaifungia saa kwenye kopo la mafuta pembeni yake, badala ya mkono wa mtu, nikakaa kwenye stuli kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua likageuka. Namba haikupotea hata mara moja. Kesho yake nikarudia. Nikabadilisha mtungi, nikarudia. Mashine ilikuwa nzima kuliko mimi, maana mimi mgongo ulikuwa unaniuma.

Hapo nikafanya wanachofanya mafundi wote wakishindwa: nikatafuta wa kumtwika zigo. Nikampata Redio.

Redio ndiye mwenzake mpya wa Kobe, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyehamishiwa kwetu kutoka bandarini. Jina alipewa siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi. Anazungumza akila, anazungumza akivua viatu, na nasikia hata chini ya maji povu lake ni jingi kuliko la wengine. Alikuja na taa yake mwenyewe, kubwa, ya nguvu, na mimi najua kwamba taa nyingine zikiwashwa karibu huvuruga mawimbi. Nilipomwambia Kobe kwamba namshuku Redio, ndiyo mara pekee katika majuma yale niliyomwona akikaribia kutabasamu.

Redio akaja na taa. Tukaizamisha kwenye pipa, tukaiwasha na kuizima, tukaisogeza mpaka ikagusana na kirushio. Namba ikatulia pale pale. Redio alikuwa akinisimulia habari za meli na binamu zake wote, nami nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, mara akabadilisha sauti.

"Fundi, hivi yule mzee ananichukia?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Kule bandarini tulikuwa tunavishana. Mimi nakufunga wewe, wewe unanifunga mimi. Huyu anavaa nyuma ya gari, peke yake. Akitokeza ameshamaliza. Namwambia nimkague, ananionyesha kidole gumba tu. Sasa mimi si nitazungumza? Nisipozungumza naona kama niko peke yangu kwenye lile gari."

Nilimjibu kwamba Kobe hamchukii mtu. Sikujibu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekasirika: nilikuwa nimejiandalia mkosaji, na mkosaji mwenyewe akatokea kuwa mtu wa kuonewa huruma. Debe tupu haliachi kuvuma, husema watu, lakini si kila kinachovuma ni debe tupu.

Jumapili mchana nikampelekea Kobe saa yake nyumbani, maana Jumatatu ndiyo siku aliyopangiwa kushuka tena na sikutaka aje kuipokea asubuhi mbele ya watu. Ni vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Sebuleni kulikuwa na viti viwili. Kimoja cha kukalia, kingine kimevikwa suruali. Mezani kikombe kimoja, sahani moja, na simu imesimamishwa kwenye kopo la sukari, tayari kwa mazungumzo ya jioni na mkewe. Aliniondolea suruali kwenye kiti, akanikaribisha. Nikamwambia ukweli: sijapata ubovu. Akasema haidhuru, nimejitahidi. Nilitamani anitukane.

Simu ikaita nikiwa pale. Mkewe alimuuliza kama amekula, akasema amekula. Akamuuliza kazi, akasema nzuri. Akamwambia mtoto anasalimia, mtoto akapiga kelele, simu ikakatika. Kobe akairudisha kwenye kopo la sukari. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi vizuri, ila mkono wa kulia ulikuwa wazi kifundoni, kifungo kinaning'inia. Wa kushoto ulikuwa umefungwa. Nikajisemea moyoni, wanaume wakiachwa peke yao hata shati hawalimalizii, nikaaga.

Jumatatu nikaenda bwawani. Kituo changu cha kazi ni karakana, na Msimamizi aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimefuata hewa safi. Nikapita nyuma ya gari.

Kobe alikuwa ameketi kwenye lile tairi kuukuu, amevaa nguo yake nyeusi ya mpira mpaka shingoni. Hakuniona. Alikuwa akijifunga saa. Ameiweka juu ya mkono wa kushoto, mkono wa kulia unavuta mkanda, anaupenyeza, anaukaza. Ule wa kushoto ulikuwa umelala pajani tu. Nikautazama kama ndiyo nauona mara ya kwanza, na kumbe tangu namjua uko vile vile: mnyororo ulimbana kiganja zamani akiwa kijana, vidole vitatu havikunji, na juu ya kifundo kuna kovu nene kama kamba. Mkono ule unaweza kushika nondo. Kufunga mkanda hauwezi. Wala kifungo cha shati.

Majuma mazima nimekaa na saa, na betri, na taa ya watu, na sikuwahi kumuuliza mwenye saa anaivaa mkono gani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukaa kwenye stuli siku mbili ukilitazama kopo la mafuta.

Kirushio chake kiko kulia. Mimi ndiye niliyekifunga kulia miaka sita iliyopita, kwa sababu saa aliivaa kulia, kwa sababu kovu la kushoto halikutaka mkanda. Sasa saa imehamia kushoto. Akiwa juu, mikono imekaa karibu na mwili, namba inafika. Akishuka langoni, mkono wa kushoto anaunyoosha mbele kushika nondo asichukuliwe na mkondo, na hauachii mpaka amalize. Mtungi, kichwa chake cha chuma na bega zima la Kobe vimekaa katikati ya saa na kirushio. Mawimbi hayafiki. Akianza kupanda mkono unarudi kifuani, na namba nazo zinarudi, zinamfanya aonekane mwongo.

Nikaketi kando yake kwenye tairi. Aliniachia nafasi bila kufikiri, nadhani mwili wake ulikuwa umezoea.

"Kaka," nikamwambia, "nani alikuwa anakufunga saa?"

Akaacha kuukaza mkanda.

"Pacha."

"Mkono wa kulia."

"Wa kulia. Akimaliza anagonga mara mbili hapa juu, najua nimefungwa." Akajigusa kifundo. "Tulikuwa hatusemi."

"Na Redio je? Hujamwambia akufunge?"

Akageuka kutazama maji. "Dada, mkono huu kaufunga mtu mmoja miaka kumi na minne. Sijui namna ya kuunyoosha kwa mtu mwingine. Nimejaribu. Nikifika pale mdomo unakuwa mzito."

Nilikuwa na mengi ya kusema, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Niliyameza. Nikamweleza habari za mawimbi, nikamwambia kuna njia mbili: ama saa irudi kulia na atafute wa kumfunga, ama nihamishe kirushio kije kushoto, kazi ya dakika kumi, spana ninayo. Kwa hiyo njia ya pili hatamhitaji mtu.

"Hamisha," akasema.

Nikahamisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, lakini fundi akijitia ujuzi, atatengeneza hata kifaa cha kuvunja chawa kwa kidole kimoja. Kobe akashuka na Redio. Nilisimama ukingoni, macho kwenye povu. Dakika ishirini, thelathini, arobaini. Walipanda kazi imekwisha, na kwenye saa namba imekaa imara kama iliyochongwa. Msimamizi akasema vizuri, vizuri, akaichana karatasi mbele yetu kwa madaha, utadhani yeye ndiye aliyepata ubovu. Watu wakanipongeza. Nilipokea pongezi huku najisikia kama mtu aliyemzibia mwenzake dirisha kwa sababu alilalamika upepo. Kobe alirudi nyuma ya gari, akajifungua mwenyewe kama alivyojifunga.

Siku kumi na moja zikapita. Ya kumi na mbili akaja karakana, vifaa kwenye taulo kama kawaida. Akavua saa, akaiweka mezani.

"Kirushio kirudishe kulia."

Nikashtuka, nikauliza kama namba zimepotea tena. Akasema hazijapotea. Akaniinulia kifundo cha kushoto: kovu lilikuwa jekundu, limechubuka mahali pa mkanda.

"Linauma," akasema.

Lilikuwa linauma kweli, sikatai. Lakini nina mkanda mpana wa kitambaa kwenye droo, laini, usiochubua, na Kobe anajua kwamba ninao, maana mwaka jana alinisaidia kuutafuta ulipopotea. Hakuuomba, nami sikuutaja.

"Nikikirudisha, nani atakufunga?"

"We rudisha tu, dada."

Kesho yake nikatafuta tena sababu ya kwenda bwawani. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mwepesi, na sote tuliokuwa ukingoni tulikuwa tumejikunyata. Kobe alivua shati. Kifungo cha kulia kilikuwa wazi vile vile. Akavaa nguo ya mpira, akabeba saa, na badala ya kwenda nyuma ya gari akasimama. Alisimama pale muda ambao mtu mwingine angemaliza kuvaa. Redio alikuwa anatusimulia jinsi shangazi yake alivyoibiwa jogoo na jogoo akarudi mwenyewe, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Kobe akamwendea. Akamnyooshea mkono wa kulia, saa imelala juu yake, mkanda unaning'inia huku na huku.

Redio akanyamaza katikati ya sentensi. Jogoo akabaki njiani. Akaushika mkanda, akaupenyeza, akaukaza kidogo, akamtazama Kobe usoni, akaukaza tena. Alipomaliza akampiga kofi moja begani, kama walivyozoeana huko bandarini, akageuka kuchukua mtungi wake.

Kobe hakuondoka. Mkono ulikuwa bado umenyooshwa hewani. Nikatazama pembeni, maana nilikuwa karibu kuaibika kwa machozi.

"Siyo hivyo," akamwambia. "Gonga hapa. Mara mbili."

Redio akarudi, akagonga mara mbili juu ya saa, polepole, kama anayebisha mlango wa nyumba asiyoijua. Kobe akashusha mkono, wakaingia majini.